Watu Mia Getini Wanakohoa: Mwongozo wa Hospitali za Kigoma Kemikali Inapovuja

Mtungi wa klorini ukipasuka bandarini, usitegemee mgonjwa wa kwanza ataletwa na ambulensi. Atakuja kwa bodaboda, macho yamefumba, shati limelowa. Nyuma yake watafuata watatu kwenye bajaji, kisha daladala zima lililogeuza njia Mwanga. Ambulensi itafika mwisho, na waliomo ndio wenye hali mbaya zaidi. Ndivyo ilivyokuwa Tokyo Machi 1995, watu waliposhambuliwa kwa sumu ya sarini kwenye treni za chini ya ardhi. Hospitali ya St. Luke's peke yake ilipokea watu wapatao 640 siku hiyo, wengi wakiwa wamejifikisha wenyewe. Baadaye wafanyakazi 472 wa hospitali hiyo walihojiwa, na 110 kati yao walisema nao walipata dalili, kwa kuwa waliwahudumia watu ambao nguo zao bado zilikuwa zinatoa sumu.

Sarini ni sumu ya mishipa ya fahamu, si kemikali ya kuwasha. Lakini kosa lile la mlangoni nimelishuhudia hapa mkoani, katika kituo kimoja cha afya nilikokuwa zamu. Wasichana wa bweni walikuwa wanasafisha vyoo. Mmoja akamimina jiki juu ya asidi ya kusafishia choo, ukatoka moshi wa kijani kibichi chenye manjano, ndoo ikapinduka. Tukaletewa kumi na wanne. Mvua ilikuwa inanyesha, nasi kwa huruma tukawaingiza wote chumba cha sindano na kufunga madirisha. Haikufika robo saa, nesi mwenzangu alikuwa anakohoa kuliko wagonjwa, na ikabidi tutoe watu wote nje, na wale wa homa waliokuwa wanasubiri. Hakufa mtu. Lakini tangu siku ile ninachosisitiza kwa kila ninayemfundisha ni kimoja: nguo zibaki nje, maji yafuate, kitanda baadaye.

Hatari yenyewe iko wapi hapa kwetu

Iko kwenye vitu vya kila siku. Klorini ya kutibu maji, iwe ya mtungi au ya unga. Amonia ya mitambo ya barafu na vyumba baridi vya samaki. Asidi ya betri. Mabomu ya machozi kwenye umati. Viuatilifu vya pamba na tumbaku, ambavyo ni habari nyingine na nitavieleza peke yake. Pia tuna bandari na kituo cha mwisho cha Reli ya Kati, na mizigo inayovuka ziwa kwenda Burundi na Kongo. Tarehe 27 Juni 2022, katika bandari ya Aqaba nchini Yordani, tangi lenye tani 25 hivi za klorini lilianguka likiwa linapandishwa melini. Watu 13 walifariki na zaidi ya 250 waliumia.

Klorini ni nzito kuliko hewa, karibu mara mbili na nusu. Hukaa chini: mitaroni, mabondeni, kwenye usawa wa pua ya mtoto. Amonia ni nyepesi, ila inapotoka kwenye mtambo ikiwa baridi hushika unyevu na kutambaa chini kama ukungu. Zote mbili hupenda maji, ndiyo maana hushambulia kwanza palipo na majimaji: macho, pua, koo, mapafu, jasho la kwapani.

Hatua ya 1: Andaa kabla, asubuhi moja inatosha

Zunguka hospitali yako na mlinzi, fundi wa maji na mkuu wa usafi. Tafuta mahali nje, karibu na geti, penye sakafu ya zege au kokoto, bomba, na mteremko usioelekea kisimani wala jikoni kwa akina mama wanaopikia wagonjwa. Hapo ndipo pa kuoshea. Tafuta na pa pili upande mwingine wa jengo. Kigoma mchana upepo hutoka ziwani kupanda milimani, usiku hugeuka ukashuka ziwani, na kiangazi kusi huvuma kwa nguvu zake. Sehemu uliyoipenda saa nne asubuhi inaweza kuwa mahali pabaya kabisa saa nne usiku. Funga kitambaa chepesi juu ya mti ili kila mtu aone upepo unakokwenda.

Piga hesabu ya maji. Mtu mmoja aliyelowa kemikali anahitaji ndoo mbili za lita 20, kwa makadirio yangu. Watu mia ni lita 4,000. Kwa hiyo simtangi la lita 5,000 lililojaa ndilo akiba yako, na likiwa nusu, mpango wako ni wa watu sitini hivi. Usitegemee bomba la mjini siku hiyo.

Vingine viwekwe kwenye boksi moja lililoandikwa, funguo zikae kwa mlinzi na kwa nesi wa zamu: mikasi mikubwa, sabuni ya maji, mipira ya maji, majagi, turubai na kamba za kuzungushia, ndoo zenye mifuniko, mifuko mizito ya taka, kalamu za wino usiofutika, glavu nene za mpira, aproni za plastiki, mabuti, miwani ya kukinga macho. Na khanga. Khanga nyingi, hata kuukuu zilizochangwa. Nitaeleza kwa nini.

Viroba vya salfeti usivitegemee kwa nguo zilizochafuka. Vimefumwa, hupitisha mvuke.

Hatua ya 2: Simu ya kwanza

Anayepokea simu aulize kwa kifupi: kimetokea nini na wapi, ni moshi, majimaji au unga, wangapi, wanalalamika nini, na je, kuna maandishi au alama kwenye mtungi? Picha ya lebo iliyopigwa kwa mbali ina thamani kuliko maelezo ya watu kumi, ila asirudi mtu ndani kuipiga.

Kisha mjulishe mganga mfawidhi, na piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo inayosimamia kemikali za viwandani na majumbani kwa sheria ya mwaka 2003. Watafutwe mapema, kwani ndio wanaoweza kukuambia jina la kilichomwagika lina maana gani. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, ipewe taarifa kabla hujapeleka mgonjwa, wala isiwe baada.

Usisubiri jina la kemikali ndipo uanze. Kuvua nguo na maji havihitaji jina.

Hatua ya 3: Shika geti

Funga milango yote ya jengo isipokuwa mmoja, na huo uwe na mtu mwenye sauti na heshima. Si lazima awe daktari. Mlinzi mzee anayefahamika mtaani anafaa kuliko mkufunzi mgeni. Kazi yake ni kuelekeza: waliopata moshi huku, wagonjwa wa kawaida kule, ndugu wasubiri pale. Maelekezo yatolewe kwa Kiswahili, na awepo wa kuyarudia kwa Kiha, na kwa Kirundi kama kuna wakimbizi au wafanyabiashara wa kutoka ng'ambo.

Zima viyoyozi na feni zinazovuta hewa ya nje upande huo. Wagonjwa wa wodi iliyo karibu na geti wahamishiwe upande wa upepo unakotoka.

Barakoa ya kawaida haizuii gesi. Hata ile nzito ya kifua kikuu haizuii. Hushika chembe tu. Kitambaa kilicholowa maji kisimpe mtu ujasiri. Kinachomlinda mfanyakazi wako ni uwazi wa mahali, upepo mgongoni, na kwamba mgonjwa ameshatoka kwenye chanzo. Wafanyakazi wa hospitali wasiende kuokoa watu kwenye tukio. Hiyo ni kazi ya zimamoto wenye mitungi ya hewa.

Hatua ya 4: Nguo, kisha maji

Hapa ndipo nitakaa, maana hapa ndipo panaharibika.

Kuvua nguo peke yake huondoa sehemu kubwa ya kemikali iliyomshika mtu. Lakini mama mtu mzima wa Ujiji hatavua gauni uwanjani kwa kuwa kijana mwenye glavu amempigia kelele. Atakataa, atalia, atakimbilia ndani na nguo zake, nawe utakuwa umempoteza. Zungushia turubai sehemu mbili, ya wanawake na ya wanaume, na wahudumu wafuate hivyo hivyo. Halafu sema naye kama mtu:

«Shikamoo bibi. Pole sana. Gauni limeshika dawa, bado linakuunguza. Jifunge khanga hii kwapani, halafu vua gauni kwa ndani, liache lidondoke chini. Mjukuu wako yuko hapa hapa, haendi kokote.»

Dakika moja, gauni liko chini, na heshima yake iko palepale. Kazi ya khanga ndiyo hiyo.

Nguo isipitishwe kichwani. Fulana iliyolowa ukiivuta juu inapaka kemikali usoni, machoni, mdomoni. Ikate kwa mkasi mbele, kuanzia shingoni hadi chini, uifungue kama koti. Mtandio ufunguliwe kwa kukunjwa kwenda nje, macho yamefumbwa. Viatu, soksi, mkanda, saa, hirizi na pete vyote vitoke, kwa sababu majimaji hujificha chini yake. Mwenye lenzi za macho azitoe.

Kama ni unga, mfano klorini ya unga au chokaa, pangusa kwanza kwa kitambaa kikavu, ukielekea chini na mbali na uso, ndipo umwage maji mengi kwa mkupuo. Unga uliolowa kidogo huunguza zaidi.

Maji yaanzie kichwani, uso umeinamishwa mbele ili yasiingie puani, kisha mabega, kwapa, mgongo, kinena, miguu. Sabuni laini, mkono au kitambaa laini. Usisugue kwa brashi, ngozi ikichubuka unaifungulia kemikali mlango. Dakika tatu hadi tano kwa aliyelowa, na zaidi kama ngozi inaendelea kuwaka. Usijaribu kuzimua asidi kwa magadi wala magadi kwa siki. Maji tu. Maziwa ya kumnywesha mtu, mafuta ya kupaka, dawa ya meno: hapana.

Si kila mtu anahitaji ndoo mbili. Aliyevuta gesi ya klorini au amonia tu, nguo zake kavu, ngozi na macho haviwashi, avue nguo za juu na anawe uso na mikono, kisha apite. Ukimwogesha kila aliyekohoa utamaliza simtangi kabla aliyemwagikiwa hajafika. Mabomu ya machozi vivyo hivyo: wengi hupata nafuu ndani ya nusu saa hadi saa moja wakiwa mahali pa upepo, wamekung'uta nywele na kubadili nguo.

Asiyeweza kupumua vizuri hasubiri foleni ya maji. Mkatie nguo, mmwagie akiwa kwenye machela, oksijeni ikiwa usoni. Na watoto waoshwe pamoja na mama zao. Usiwatenganishe kwa sababu ya foleni. Maji ya jioni ya Kigoma yanaweza kuwa baridi kwa mtoto mchanga, kwa hiyo awepo mtu mmoja kazi yake ni kukausha na kufunika.

Nguo za kila mtu ziingie kwenye mfuko wake, ufungwe, uwekwe nje. Namba iliyoandikwa kwenye mfuko iandikwe pia mkononi mwa mgonjwa kwa ile kalamu isiyofutika. Simu na pesa mfuko mdogo tofauti, namba ileile. Mtu akiamini kitu chake kipo salama, anavua haraka.

Wanaoosha wabadilishwe kila baada ya nusu saa. Ndani ya aproni na mabuti, joto la mchana wa Kigoma linaangusha mtu.

Hatua ya 5: Macho

Jicho haliwezi kusubiri zamu yake, lioshwe palepale. Njia nzuri tuliyo nayo kila kituo ni dripu ya chumvi: ning'iniza chupa ya lita moja, kata sindano ya mwisho wa mpira, fungua kabisa, elekeza maji kutoka pembe ya puani kwenda sikioni ili yasiingie jicho la pili. Kama kuna dawa ya ganzi ya macho, tia tone moja kwanza; mgonjwa ataacha kupigana nawe. Mwambie atazame juu, chini, kushoto, kulia. Pindua kope la juu, upanguse kwa pamba yenye maji, maana chembe za unga hukaa humo. Dripu zikiisha, maji safi ya jagi yanafaa.

Dakika 15 hadi 20 kwa gesi za kawaida. Kwa amonia na chokaa, nusu saa na zaidi, kwa sababu zenyewe huendelea kuchimba jicho ndani. Utajuaje kuwa inatosha? Chukua kijiti cha kupimia mkojo, kile chenye kipande cha kupima asidi, ukiguse kwenye kope la ndani. Ukisoma 7 au karibu yake, subiri dakika tano hadi kumi, pima tena. Ikipanda au ikishuka, rudi kuosha. Jicho ambalo bado halioni vizuri, au mboni yake imekuwa nyeupe kama glasi yenye ukungu, ni rufaa ya haraka.

Hatua ya 6: Panga kwa rangi, rudia kupanga

Nyekundu: hawezi kumaliza sentensi, anatoa mlio wa koo akivuta pumzi, sauti imekauka ghafla, povu la rangi ya waridi mdomoni, amechanganyikiwa, au kipimo cha oksijeni cha kidoleni chini ya 90. Njano: kifua kinabana au kinalia miluzi, kipimo 90 hadi 93, macho bado yanauma sana, mjamzito, mwenye pumu, mtoto mdogo, mzee. Kijani: anakohoa, machozi yanatoka, anaongea na kutembea.

Mpime upya kila nusu saa mwenye rangi ya kijani, maana kundi hili ndilo linalodanganya. Klorini nyingi inaweza kujaza mapafu maji saa kadhaa baadaye, mtu akiwa ameshanyamaza kukohoa na anaomba nauli ya kurudi Kibirizi.

Hatua ya 7: Tiba

Mkao wa kuketi, hewa safi, oksijeni kwa mwenye kuihitaji. Piga hesabu: mtungi mkubwa wa lita 6,800 ukitoa lita 10 kwa dakika unakaa saa 11 kwa mtu mmoja, na kwa watu watatu haufiki saa nne. Mashine ya kuzalisha oksijeni ya lita 5 inaweza kugawa lita moja moja kwa watoto watano ukiwa na kigawanyio. Umeme ukikatika, jenereta iwe inajulikana nani anaiwasha.

Kifua kinacholia miluzi: salbutamol ya kuvuta kwa mashine, miligramu 5 kwa mtu mzima, 2.5 kwa mtoto mdogo, irudiwe kadiri ya hitaji. Mashine ni mbili na wagonjwa ishirini? Tumia pampu ya pumu na chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako: mbonyezo mmoja, pumzi tano, mbonyezo unaofuata, hadi minne au kumi. Mwenye pumu apewe na prednisoloni. Kwa wengine steroidi si ya lazima. Antibiotiki za kinga na dawa za kukojoza za kugawiwa kila mtu hazina nafasi hapa.

Mlio wa koo ni dharura kuliko zote. Koo linavimba, na bomba la pumzi linaloingia kirahisi saa nane halitaingia saa tisa. Mwite mtaalamu wa usingizi mapema.

Kama si ya kuwasha tu

Tazama mboni. Zikiwa ndogo kama kichwa cha pini, na mtu anatoka jasho, mate, machozi, anaharisha, misuli inachezacheza, mapigo yanakwenda polepole, hiyo ni sumu ya viuatilifu vya oganofosfati. Wenzetu wa Urambo na Kaliua kwenye tumbaku wanaijua. Hapo kila mtu aoshwe kikamilifu kwa sabuni, nywele na kucha pia, na matapishi yake yashikwe kwa glavu nene. Atropini kwa mshipa, miligramu 1 hadi 3 kwa mtu mzima, ongeza mara mbili kila dakika tano mpaka mapafu yakauke. Lengo ni mapafu. Usisimame kwa sababu mboni zimefunguka au moyo unakwenda mbio. Hesabu vichupa vya atropini vilivyopo stoo leo. Mgonjwa mmoja mzito anaweza kumaliza boksi.

Hatua ya 8: Kulaza, kuruhusu, na ndugu walioko nje

Mwenye dalili za kifua, hata zikiwa ndogo, akae chini ya uangalizi saa sita angalau. Nyekundu, na njano ambaye hajatulia, saa 24. Anayeruhusiwa apewe karatasi ya mistari mitatu: usibebe mizigo wala kukimbia siku hii ya leo, usivute sigara, rudi mara moja ukibanwa pumzi, ukikohoa povu au damu, au ukiona ukungu machoni. Msomee, usimkabidhi tu.

Daftari moja lishike majina, namba ya mkononi, alikokuwa tukio likitokea, na simu ya ndugu. Kila nusu saa mtu mmoja, yuleyule, atoke nje na kusoma majina ya waliopokelewa. Ukikaa kimya, uvumi utasomwa badala yako, na geti litavunjwa na watu wenye haki ya kuogopa.

Wafanyakazi nao wapimwe kabla ya kwenda nyumbani, akiwemo mlinzi wa geti na dada wa usafi aliyekusanya mifuko. Aproni na mabuti vioshwe palepale nje. Jaza simtangi usiku huohuo. Kesho yake, chukua daftari, anza na wale wa kijani walioruhusiwa mapema, uwapigie mmoja mmoja ukiuliza: umelalaje, unapumuaje, unapanda mlima wa nyumbani bila kusimama?